Mkwaruzo Uliorudishwa Kwao

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Bi Mikebe alikuwa amepiga magoti uani kwake kando ya teksi ya jirani, akipitisha ukucha wa dole gumba juu ya mlango wa nyuma. Gari lilikuwa limeshaoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa kwa fulana kuukuu, maana fundi anayeanza kazi kwenye gari lenye vumbi huondoa mkwaruzo mmoja akaacha kumi. Ukucha ulipita, ukapita, kisha ukakwama.

"Umeingia ndani," alisema.

Dereva wa teksi aliguna tu. Bi Mikebe alilowesha msasa laini, akasugua ncha ya mkwaruzo mara tano au sita mpaka ikainuka, akaibana kwa kucha mbili na kuanza kuvuta taratibu, kama mtu anayechomoa uzi kwenye pindo la sketi. Mkwaruzo ulitoka mzima, mweupe, urefu wa mkono. Ulipoachana na rangi ulitoa sauti iliyokuwa ndani yake, kama ifanyavyo mikwaruzo yote ikitolewa vizuri. Kwanza ilisikika ncha ya ufunguo ikichora bati, halafu sauti ya mwanamke: "Na bado."

"Mama mkwe," alisema dereva.

"Utaondoka nao?"

"Wa nini? Mwenyewe ninaye nyumbani."

Basi Bi Mikebe aliukunja mviringo na kuutia kwenye mkebe wa maziwa ya unga ulioandikwa NDUGU NA JAMAA. Ukutani alikuwa na rafu nzima ya mikebe ya namna hiyo: KUTA NA MAGETI, WATOTO, MIIBA, WALIOPITA TU. Mkebe wa ndugu na jamaa ndio uliojaa upesi kuliko yote. Watu walimpendea kazi safi na kinywa kizito. Gereji za mjini hupuliza rangi juu ya mkwaruzo, nao hubaki chini yake ukijisemea peke yake, na mwenye gari hajui kwa nini hapati raha akiendesha.

Kwenye kivuli cha tangi la maji alikaa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alizunguka mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea, akiita kwa kengele, na wanawake wakamtolea visu kupitia madirishani. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, vidole vimenyooka, havikunjiki hata kushika kijiko. Asubuhi moja ya ukungu, miezi minane iliyopita, gari jeupe lilimgonga ubavuni, likarudi nyuma, likaukanyaga mkono, likaenda zake. Wauza vitunguu walimfikisha hospitali kwa mkokoteni. Hakuona namba wala uso.

"Waliosema mwenye nguvu mpishe," alizoea kusema, "hawakusema ufanye nini akikufuata mpaka mtaroni."

Mkono alishauzoea. Kilichomchoma roho ni karatasi. Daktari wa zamu alikuwa ameandika, kwa mwandiko uliosomeka vizuri kuliko ilivyo kawaida ya madaktari: *Mgonjwa ameanguka mwenyewe akiwa amelewa.* Polisi walinakili hivyo hivyo na kufunga faili. Mzee hakuwahi kuonja pombe maishani, hata dawa ya kikohozi yenye kileo aliikataa. Lakini karatasi ina miguu. Haukupita mwezi, mtaa mzima ulikuwa umeisoma, na nani atamkabidhi mlevi kisu chake? Madirisha yaliyomfungukia miaka thelathini na mmoja yalifungwa, tena na watu waliojua fika kwamba ni uongo.

Teksi ilipotoka, gari jingine liliingia. Lilikuwa jeupe, refu, na lilinuka mnanaa uani kote. Akashuka yule daktari wa zamu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alimwamkia mzee "Shikamoo" bila kumtazama, kama mtu anayebofya kengele ya mlango.

"Nimejaribu mwenyewe nyumbani," alimwambia Bi Mikebe, akionyesha mlango wa mbele upande wa kushoto. "Nilianza na dawa ya meno, nimeambiwa inasaidia. Halafu unga wa kusugulia masufuria. Halafu polishi. Unafifia jioni, asubuhi uko pale pale."

Ndani ya mfereji wa mkwaruzo kulikuwa na dawa ya meno iliyokauka. La kuvunda halina ubani, aliwaza Bi Mikebe, wala halina mnanaa, ila alichota maji na sabuni akaanza kuosha bila kuuliza. Hakuwa na tabia ya kuuliza. Mkwaruzo ukiwa na la kusema, utasema.

"Ukishautoa," alisema daktari, "nitaondoka nao."

Hapo mkono wa Bi Mikebe ulisita kidogo juu ya kitambaa. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi, mtu mmoja tu aliwahi kuondoka na mkwaruzo wake: mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, na mkwaruzo wenyewe ulikuwa wa siku mama huyo alipoendesha kwa mara ya kwanza akapapasa geti. Ndani yake mlikuwa na kicheko chake. Daktari hakuwa na uso wa mtu anayefuata kicheko.

Ukucha ulikwama tangu mwanzo. Alisugua ncha, akaibana, akavuta. Ulikuwa mrefu kuliko yote aliyowahi kuitoa, umeanzia kwenye bawaba ukaishia kwenye kitasa. Ulipotoka wote, kengele ya baiskeli ililia mara mbili. Kisha visu vikamwagika barabarani, vingi, kimoja kikiendelea kuzunguka baada ya vingine kutulia. Kisha sauti ikasema, "Mkono wangu. Bwana, gurudumu liko juu ya mkono wangu." Na sauti nyingine, ya karibu zaidi, iliyotulia nyuma ya kioo kilichofunguka nusu, ikasema, "Mlevi huyu." Gia ikaingia. Basi.

Bomba la tangi lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Ile kengele niliinunua mpya," alisema mjomba.

Daktari aliutazama mkono wa mzee kwa mara ya kwanza tangu alipoufunga bendeji. "Kulikuwa na ukungu," alisema.

"Ulikuwepo," mzee alikubali, maana hakupenda kumsingizia mtu.

"Nilikuwa nawahi zamu. Kuna watu walikuwa wananisubiri."

"Mmoja wao mimi. Nilifika baada ya saa nzima, juu ya vitunguu."

Bi Mikebe alikuwa bado amepiga magoti, mkwaruzo umemning'inia mkononi. Alikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya miezi minane, na sasa imepata pa kukaa, kwa hiyo haikumtetemesha.

"Daktari," alisema mjomba, "sitaki pole. Mkono nao haurudi. Nenda ukalifute lile neno. Moja tu. Hata ukiacha kwamba nimeanguka mwenyewe, acha. Toa *amelewa*."

Daktari alitikisa kichwa polepole, kama anayempa mgonjwa majibu mabaya. "Mzee wangu, ile karatasi imepigwa mhuri. Nakala ziko ofisi tatu. Ikishapigwa mhuri haifutiki. Si mimi, ni utaratibu." Akanyoosha mkono kwa fundi. "Naomba mkwaruzo wangu."

Bi Mikebe hakumpa. Aliinama, akaulaza mkwaruzo kwenye mfereji wake, akaukandamiza kwa dole gumba kutoka bawaba hadi kitasa. Kurudisha ni rahisi kuliko kutoa, kwa sababu mkwaruzo unajua kwao. Alipomaliza alipitisha nta juu yake mara mbili, akasugua mpaka ukang'aa.

"Unafanya nini?"

"Nimeurudisha. Nao ukirudishwa haufutiki, daktari. Si mimi, ni utaratibu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nimekusikia sasa hivi."

Daktari aliondoka bila kuaga. Gereji ya kwanza ilipuliza rangi mlango mzima, na baada ya siku mbili mkwaruzo ulikuwa juu ya rangi mpya. Gereji ya pili ilibadilisha mlango. Mkwaruzo ulihamia kwenye mlango mpya kabla bolti hazijakazwa. Kilichoongezeka ni kwamba sasa ulisema kila ulipoguswa na maji. Kijana wa kuosha magari hospitalini aliomba apangiwe kazi nyingine, akapewa bustani. Masika yalipoingia, wauguzi walijua daktari amefika wakisikia kengele mara mbili na visu vikimwagika, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje walivuta miguu yao ndani. Askari mmoja alitumwa kuchunguza. Alimwaga kikombe cha maji mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika, *Gari linasema.* Kisha akaenda kulinganisha na karatasi ya hospitali, akaona karatasi ina mhuri na gari halina, akalifunga faili upya.

Mwezi wa tatu daktari alipandishwa cheo kuwa mganga mkuu. Siku ya sherehe manyunyu yalianguka. Wageni waliacha kuzungumza mpaka gari lilipomaliza, ndipo wakapiga makofi.

Mjomba naye alirudi kazini. Alishika kisu kwa mkono wa kushoto, Bi Mikebe akakanyaga pedeli, na jiwe likazunguka. Visu vya mwanzo vilitoka vimepinda kama tabasamu la mwongo, lakini alivirudia. Wateja waliorudi walikuwa saba. Wengine walisema wamelisikia gari, ndiyo, ila karatasi ni karatasi. Kila mvua ilipoanza, mzee alikwenda na kikombe cha bati mpaka kwenye geti la hospitali. Gari liliposema "Mlevi huyu", alikinyanyua juu watu wote wakione na kujibu, "Maji tu, daktari," akayanywa. Walinzi walimwondoa mara nne. Mara ya tano walimletea kiti.

Mwishoni mwa masika alikuja karani wa hospitali, ametumwa. Alisema mganga mkuu yuko tayari kusahau yaliyopita, na anaomba fundi autoe ule mkwaruzo, kwa bei yoyote atakayotaja.

Bi Mikebe alimwonyesha rafu. Mwishoni, pembeni ya mikebe yote, kulikuwa na mkebe mmoja uliooshwa na kukaushwa, mfuniko wake umewekwa kando. Majirani walishauomba mara kadhaa, huyu wa kuwekea misumari, yule wa sukari, na kila mmoja aliambiwa una mwenyewe. Juu yake palikuwa pameandikwa DAKTARI.

"Sehemu yake ipo," alisema. "Alete ile karatasi, neno limekatwa, na saini yake pembeni. Nautoa siku hiyo hiyo, bure."

"Karatasi haifutiki, mama. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana mkebe mtupu."

Karani aliuchungulia, akahakikisha ni mtupu kweli, akaandika hivyo kwenye daftari lake. Nje, matone yalianza kugonga bati. Kutoka upande wa hospitali ikasikika kengele ya baiskeli, mara mbili. Mjomba alikinga kikombe chake kwenye bomba la tangi, akakijaza mpaka juu, akatoka.