Kimya cha Nyumba ya Mama Anne

Jumanne moja ya Machi 2012, saa tano asubuhi, Appolinaire aliwaomba watu tisa wasimame bila kutikisika ndani ya nyumba ya udongo ya Bénédicte, mtaa wa Wakongo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tukio la kumi na nne la filamu yake lilikuwa limekwisha kupigwa. Kuku walikuwa wamefungwa miguu, jirani alikuwa amezima redio baada ya kupewa mche wa sabuni, na Patient, fundi wa sauti, alikuwa ameinua maikrofoni iliyofungwa kwenye ncha ya mwanzi.

"Sasa tunachukua kimya," Appolinaire akasema. "Dakika moja tu. Mutu asikohoe."

Kila nyumba ina kimya chake. Bati hukwaruza kidogo, udongo hunyonya sauti, upepo wa ziwani hupita mahali pake. Fundi hukirekodi kimya hicho ili baadaye akitandike chini ya maneno ya waigizaji, kama mkeka chini ya wageni. Kikikosekana, kila palipokatwa panabaki shimo, na mtazamaji hudhani masikio yake yameziba. Appolinaire alikuwa amepiga video za harusi kwa miaka saba, na hayo yote alifunzwa na makosa yake mwenyewe.

Sekunde ya ishirini, Patient akakunja uso. Dakika ilipokwisha akavua hedifoni.

"Kuna mutoto," akasema.

"Mutoto gani?"

"Sijui. Anasema, niko hapa."

Wakatazama nyuma ya pazia na chini ya kitanda. Hakukuwa na mtoto. Wakachukua kimya mara ya pili, safari hii Appolinaire akivaa hedifoni mwenyewe. Sekunde ya ishirini akaisikia: sauti ya msichana mwenye pumzi fupi, anayejikaza ili asikike mbali. Appolinaire akaandika kwenye daftari lake, "Kimya, tukio la 14, kina mtoto," kisha akatangaza muda wa kula.

Bénédicte, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa akiwapikia. Aliposikia mazungumzo yao alijifuta mikono kwenye kitenge, akaomba hedifoni. Akasikiliza dakika nzima, amesimama, macho ameyafumba. Alipomaliza alimrudishia Patient kwa mikono miwili.

"Ni Anne," akasema. "Kuleni, maharagwe itapoa."

Anne alikuwa bintiye wa pekee. Alikuja naye mgongoni kutoka Kivu ya Kusini, na moyo wa mtoto ule tangu mwanzo haukuwa mzima. Daktari aliandika kwamba hauwezi kutibiwa Uganda. Faili likafunguliwa, likazunguka miaka mitatu, na mwaka 2009 likarudi na jibu: Anne na mama yake watasafiri kwenda Kanada, mtoto akapasuliwe. Bénédicte aliambiwa afike ofisini Ijumaa na sanduku moja. Majina yakaitwa Jumatano, siku mbili kabla. Jina la Anne lilipoitwa uani, mtoto mwingine, mzima wa moyo, aliitika kwamba yuko hapa, akapanda basi pamoja na mwanamke ambaye siku hiyo aliitwa Bénédicte.

Ijumaa ile mama alionyeshwa kitabu cha majina cha ofisi. Wote wawili walikuwa wameshasafiri. Miezi mitano baadaye Anne akafa, ana umri wa miaka minane, na mama alipokwenda kuandikisha kifo alielezwa kwa upole kwamba mtoto aliye Kanada hawezi kufia Nakivale. Yeye mwenyewe, kwa mujibu wa kitabu, yuko Kanada pia. Ndiyo maana hapewi posho, na ndiyo maana huwapikia watu na kuwakodishia sebule yake.

Aliyeyaita majina Jumatano ile ni mkalimani wa ofisi, jina lake Prince. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kule Kakiika, pembezoni mwa mji wa Mbarara, na mshahara wa mkalimani kila mtu aliujua. Hakuna aliyemuuliza. Sasa alikuwa ameacha ukalimani. Alikuwa mfadhili wa filamu hii na mwigizaji wake mkuu, na ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya sebule ya Bénédicte ndani ya koti la kijivu, akinyamaza pamoja na wengine.

Appolinaire alimjua vizuri. Miaka minne alikuwa amezunguka na hadithi yake, hadithi ya mwanamke anayebeba faili kutoka dirisha moja hadi jingine, na hakupata mtu wa kuiwekea hata mafuta ya jenereta. Prince alikubali kuigharimia, ila alitaka ndani yake awemo kiongozi mwema wa kambi, na kiongozi huyo awe yeye. Mswada ulipoandikwa mara ya tatu, mwanamke wa faili alikuwa amebakiwa na matukio mawili na filamu ilikuwa inaitwa *Baba wa Kambi*. Hivyo ndivyo filamu huru zinavyokuwa huru. Appolinaire aliona aibu, akaimeza, akaenda kukodi kamera.

Waliendelea kupiga filamu wiki tano. Kando ya ziwa, sekunde ya ishirini, Anne alikuwepo, akihema kama aliyetembea kwa miguu. Kikagate, ambako walipiga tukio la kuvuka mpaka, alikuwepo tena, nyuma ya kelele za mto. Bénédicte aliwafuata kila walikokwenda na sufuria zake, na kila kimya kilipokwisha kuchukuliwa Patient alimpa hedifoni bila kuombwa. Alichokitaka zaidi ya chochote duniani ni kumjibu mtoto. Lakini kimya kikiongelewa si kimya tena, kazi za watu zingeharibika, basi alijiziba mdomo kwa kitenge mpaka Appolinaire aseme basi.

"Ananiumiza," alimwambia Patient siku moja wakiosha sahani. "Banamwita wapi, mutoto huyu, mpaka anajibu kila siku?"

"Pengine anangojea bamusikie, Mama Anne."

"Mimi namusikia. Ni kitabu njo haimusikie."

Filamu ilihaririwa Mbarara, kwa Kamaldin, mtu mpole mwenye kijiduka cha kutengeneza simu mbele na kompyuta ya kuhariria nyuma. Siku ya pili alimpigia Appolinaire simu.

"Ssebo, bwana, hii kimya yako iko na mtoto ndani."

"Najua."

"Mimi natoa yeye jioni, asubuhi yeye narudi. Mimi naswali, nakuja, yeye iko. Sasa tufanye nini?"

Walimngoja Prince. Alikuja na gari lake, akaketi, akasikilizishwa. Aliitambua sauti papo hapo, kwa kuwa aliwahi kuitafsiri kwa Kiingereza mbele ya daktari: hapa panauma, usiku nashindwa kulala. Akasugua goti.

"Muitoshe, isisikike tena," akasema.

Kamaldin alikiondoa kimya chote, akabaki na maneno matupu ya waigizaji, akamwonyesha tukio la kumi na nne. Katika tukio hilo kiongozi mwema anawaahidi wanyonge kwamba hakuna atakayesahauliwa. Sauti ya Prince ilitoka kavu, imekatikakatika, kama ya mtu aliyeingizwa kwenye pipa. Kisha Kamaldin akakirudisha kimya cha nyumba ya Bénédicte chini ya maneno yaleyale, na sauti ikajaa, ikawa nzito, ikawa ya mtu anayeaminika. Prince alijisikiliza mara tatu.

"Iache," akasema.

Appolinaire alinakili ile dakika moja kwenye CD, akampelekea Bénédicte. Ndicho kitu pekee alichoweza kumpa. Bénédicte alivaa viatu vyake vya kanisani akaipeleka ofisini, akapanga foleni tangu asubuhi. Karani, kijana mstaarabu aliyefika kazini mwaka huo, aliiweka kwenye kompyuta akaisikiliza mara mbili hadi mwisho.

"Ni mtoto kweli," akasema. "Anasema yuko hapa."

"Ni Anne wangu. Nasikiaka anaitika. Andika tu kusema alikuwa hapa, na alikufa hapa. Sitaki kintu ingine."

"Hapa ni wapi, mama? CD haitaji mahali." Akageuza kitabu ili aone mwenyewe. "Na huyu Anne yuko Kanada. Yuko darasa la nne, ameandikiwa hata shule."

Karani alitaka angalau kuandika kwamba CD imepokelewa, lakini nafasi ya jina la aliyeileta ilimshinda, maana Bénédicte naye yuko Kanada. Mwishowe aliandika "mtu," akagonga muhuri. Bénédicte alitembea kurudi nyumbani, akalia njia nzima bila kujificha, na waliokutana naye walimpa pole.

*Baba wa Kambi* ilianza kuonyeshwa Agosti katika ukumbi wa video wa Base Camp, makao makuu ya kambi, kila Jumamosi saa tisa mchana. Prince aliwaandalia soda wazee na wachungaji siku ya kwanza. Kulikuwa na mahali pamoja alipokuwa amemwamuru Kamaldin asikate hata kidogo: kiongozi mwema ameshika orodha ya majina, hasemi kitu, na kamera inabaki kwenye uso wake dakika nzima huku machozi yakimlengalenga. Aliupenda sana uso huo. Ukumbi ukatulia, na sekunde ya ishirini sauti ya mtoto ikatoka kwenye spika zote mbili.

"Niko hapa."

Hakuna aliyeshtuka. Wengi walimjua Anne, na waliokuwa hawamjui waliambiwa na majirani zao wa benchi. Katika mstari wa nyuma Bénédicte alisimama. Kazi ilikuwa imeshakwisha, kamera imesharudishwa kwa mwenyewe, hapakuwa tena na kimya cha kulindwa.

"Niko nakusikia, Anne," akasema kwa sauti kubwa. "Mama yako eko hapa. Usichoke."

Watu wakangoja mpaka akaketi. Filamu ikaendelea, kiongozi mwema akashinda, wakapiga makofi.

Filamu iliuzwa hadi Kabingo na Mbarara mjini, na kuna waliovuka nayo kwenda Tanzania. Wote walioinunua walipewa Anne humohumo, bila nyongeza ya bei. Appolinaire alirudi kwenye harusi. Alipoombwa sehemu ya pili alisema mgongo unamsumbua. Prince akagombea uongozi wa mtaa, na wengi walisema sauti yake inafaa.

Mwaka 2015 ukumbi ulikuwa bado unaiweka *Baba wa Kambi* mara moja kwa wiki, ingawa watazamaji walikuwa wamepungua, na kuna Jumamosi walikuja watatu. Prince aliketi mlangoni mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki, akipokea viingilio. Bénédicte hakukosa hata mara moja. Jumamosi moja alikuja na pesa yake imefungwa kwenye ncha ya kitenge, akaifungua mbele yake, akampa.

"Karibu, Mama Anne," Prince akasema, akaitia mfukoni. "Leo ukae kule mbele. Kule njo kunasikilikana muzuri."