Njia Tatu za Kunyamazisha King'ora

Namba kwenye skrini ilikuwa nyekundu, lakini wodi ilikuwa kimya.

Mtunga programu alikuwa amekuja kumjulia hali mama mkwe wake, si kukagua kazi yake. Alikuwa akimmenyea chungwa alipoinua macho kuelekea meza ya wauguzi. Skrini ile, iliyoonyesha hali ya kila mgonjwa, aliitengeneza yeye. Oksijeni ya kitanda cha nne ilikuwa inashuka, na king'ora hakikulia.

"Sista! Kitanda cha nne!"

Muuguzi aliacha bandeji aliyokuwa akiifunga, akakimbia. Alimkuta bibi mmoja amelala, barakoa ya oksijeni imemteleza hadi shingoni, midomo imeanza kubadilika rangi. Alimrudishia barakoa, akamwinua kichwa, akamwita huku akimpapasa shavu. Namba ikapanda kwa kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi kwa magoti mabovu.

"Kwa nini hakikulia?" Muuguzi, aliyemfahamu tangu siku alipokuja kuufunga mfumo huo, alimgeukia. "Nilikinyamazisha mara moja tu, nilipokuwa namsafisha. Mlisema kinarudi chenyewe baada ya dakika mbili."

"Ulibonyeza wapi?"

"Hapa, kwenye kibodi. Nikivaa glavu, kitufe chenu cha kwenye skrini hakinisikii."

Mtunga programu aliitazama kibodi. King'ora kiliweza kunyamazishwa kwa njia tatu: kitufe cha kwenye skrini, kibodi, na menyu. Alipoandika maagizo ya kitufe, aliyanakili akayabandika kwenye hizo nyingine mbili, akagusagusa hapa na pale, kazi ikaisha mapema, akasifiwa kwa wepesi wake. Wiki iliyopita, madaktari walipotaka kimya kisizidi dakika mbili, alirekebisha kitufe. Nakala nyingine hazikumpitia hata akilini.

Akampigia bosi wake, akamweleza.

"Tulia," bosi alisema. "Nakili marekebisho, bandika kwenye kibodi. Kazi ya kufumba na kufumbua."

"Ndivyo tulivyofika hapa, bosi."

"Huu si wakati wa kupendezesha msimbo wa programu, bwana. Ziba pengo, urudi ofisini."

"Siondoki. Nitaandika agizo moja tu, na njia zote tatu ziliite hilo hilo."

Bosi alishusha pumzi. "Ukiharibu, ni juu yako."

"Tayari ni juu yangu."

Aliifungua kompyuta yake kwenye meza ya wauguzi. Muuguzi akasimama katikati ya vitanda, akifuata kwa macho kifua kimoja baada ya kingine, maana hakuna aliyeiamini tena mashine. Alipoisoma nakala ya menyu, mtunga programu aliirudia mara mbili: hiyo ilinyamazisha vitanda vyote kwa mpigo, tena bila king'ora kurudi. Angeziba alikoambiwa tu, hii ingebaki imejilaza pale pale. Akaifuta. Akafuta na ya kibodi. Vidole vilivyozoea kukimbia sasa vilitambaa, na kila mstari aliusoma kama anayesoma majibu ya daktari.

Kisha akachomoa kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mama mkwe wake. King'ora kikalia. Muuguzi akabonyeza kitufe; kimya. Muda ulipotimia, kikalia tena. Wakajaribu kibodi. Kikarudi.

"Mkwe," mama alisema, "yaani mimi ndio nimekuwa kengele ya shule?"

"Mara ya mwisho, mama."

Menyu. Kimya. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikajikokota. Muuguzi alikunja mikono kifuani. Mtunga programu alikodolea macho skrini mpaka yakamwasha, na sekunde zikaendelea kudondoka.

King'ora kikalia.

Mama mkwe aliziba masikio. Mtunga programu akamrudishia kipimo kidoleni.

Muuguzi hakurudi mezani. Alikwenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha nne, akaushika mkono wa yule bibi, macho yake kwenye kifua kilichopanda na kushuka. Mtunga programu alitaka kumwambia kwamba sasa angeweza kuiamini skrini. Badala yake akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa kitanda hicho.