Mke wa Injinia Alivyosafishwa Sauti

Kila walipotaka kurekodi, mama mkwe, mama mzazi wa Injinia, alizima friji. Injinia alikuwa ameshamweleza mara nyingi kwamba friji ikinguruma jikoni, maikrofoni inaisikia chumbani, na mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kukubali jambo upesi, alikubali siku alipovalishwa hedifoni akasikia kwa masikio yake. Basi alichomoa waya, akaketi karibu na friji kuyalinda maziwa, kana kwamba maziwa hulindwa kwa macho. Chumbani, godoro liliegemezwa dirishani. Mke wa Injinia aliingia ndani ya kabati la nguo, akasimama katikati ya makoti ya mumewe na magauni yake mwenyewe, akaisogelea maikrofoni, akasoma tangazo la sabuni.

Huyo Injinia hakusomea uinjinia wowote. Jina alipewa na majirani siku alipoifufua spika moja iliyokuwa imekata roho, likamganda, hata mkewe akawa anamwita hivyo. Sauti ilikuwa ya mke, kazi ikajulikana kuwa ya mume. Mke alisoma matangazo ya maduka, maelezo ya dawa, maonyo ya lifti. Watu asiowajua, katika majengo asiyowahi kuyaona, waliambiwa naye wasimame mbali na mlango, nao wakasogea. Nyumbani kwake alikuwa na ombi moja tu, na hilo halikumsogeza mtu hata hatua.

Aliomba kwenda kumwona mama yake. Mama aliishi na mwanawe wa kiume, kaka wa huyo mke, safari ya kutwa nzima kwa basi. Macho ya mama yalikuwa yameshastaafu, vidole navyo vimekufa ganzi kwa maradhi, kwa hiyo watu aliwajua kwa sauti tu. Binti akipiga simu, hamalizi hata kuamkia, mama ameshadakia.

"Ni wewe! Nimekujua. Unakuja lini?"

"Nitakuja, mama."

Akikata simu huenda moja kwa moja kwa mumewe. "Injinia, niruhusu niende kwa mama."

"Tukimaliza hii kazi."

Kazi ikiisha inaingia nyingine, na Injinia hakuwa na moyo wa kukataa kazi inayofanywa na mtu mwingine.

Sasa mwenye sabuni akalirudisha tangazo. Alisema sauti ya dada ni nzuri, haina ubishi, ila kuna mahali inachoma. Hakuweza kueleza ni wapi. Alisema tu kwamba wateja wakiisikia dukani wanakumbuka mambo yao, wanatoka bila kununua.

Dawa ya sauti inayochoma ni ikwalaiza, kiprogramu cha kupunguza au kuongeza kipande kimoja cha sauti bila kugusa vipande vingine. Injinia akaingia mtandaoni kuitafuta. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa na vitufe vingi kama ukuta wa mtambo wa umeme, akaifunga. Ya pili ilifanya kazi vizuri, kisha ikaanza kudai malipo, na Injinia ana mkono wa birika. Ya tatu ilimpa ushauri ambao hakuuomba. Alichotaka yeye ni kitu rahisi. Mwishowe, katika jukwaa la watu wanaochanganya muziki vyumbani mwao, akaona mtu asiye na picha ameweka kiungo na neno moja: "Inatosha." Injinia akapakua. Kilikuwa kidirisha cha kijivu chenye mstari mmoja na vitufe vitatu vya kuzungusha. Kimoja kilichagua mahali, kingine kiasi, kingine upana. Maelekezo yalikuwa mafupi: inua, tembeza, kata.

Ndivyo wanavyofanya mafundi wote wa sauti. Ukitaka kukijua kinachokera, unakiongeza kwanza. Unachukua kipande chembamba, unakiinua mpaka juu, halafu unakitembeza taratibu kutoka besi kwenda sauti nyembamba, na ukifika penyewe, ubaya wote unapiga kelele. Hapo ndipo unapokata.

Mke akarudishwa kabatini, akasoma upya, na Injinia akawa anatembeza. Chini kabisa palikuwa na njaa, kwa sababu mke alikuwa hajanywa chai. Juu yake palikuwa na mafua yaliyokaribia kupona. Akapanda kidogo tena, na sabuni ikatoweka kabisa kwenye spika. Midomo ya mke kule kabatini ilikuwa inasema nguo hung'aa na hunukia, lakini spika zilisema wazi, neno kwa neno: "Niruhusu niende kwa mama."

Injinia akamwambia arudie sentensi. Spika zikarudia ombi. Akamwambia asome bei ya pakiti kubwa. Ombi likawa lilelile.

Mama mkwe akachungulia, bakuli mkononi. "Kumbe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo inayochoma."

"Mbona mimi naijua! Imekaa hapo tangu tulipomleta. Hata umuulize chumvi iko wapi, unaisikia humohumo ndani."

"Nikate?"

"Kata, mwanangu. Maziwa yangu yanaharibika."

Injinia akakishusha kitufe mpaka mwisho. Kabatini, mke alihisi kitu kikitoka kooni, kama mwiba wa samaki unavyotoka. Akasoma tena, na sauti ikawa laini, nyepesi, ya kumfaa mtu yeyote. Injinia aliipenda hata akaweka mpangilio huo uwe wa kudumu. Mwenye sabuni akalipokea tangazo siku hiyohiyo. Friji ikawashwa.

Jioni mke alimfuata mumewe. "Injinia," alisema, na hilo lilitoka vizuri. Yaliyofuata hayakutoka. Midomo ilicheza, pumzi ikapita, feni ikasikika.

"Unasemaje?" Injinia aliuliza. Alingoja kwa adabu. "Kama huna la kusema, nipishe basi."

Mke akaushika mkono wa mumewe, akauweka kwenye kipanya, akanyoosha kidole kwenye kile kitufe. Injinia alimwelewa, tusimwonee. Mjinga hakuwa.

"Nikiirudisha, na kazi itarudishwa," alisema. "Ndicho unachotaka?"

Hapo palikuwa na jibu lililoweza kupita. "Hapana," mke alisema, kwa sauti ya kupendeza sana.

Habari zikaenea mtaani bila kelele. Jirani wa juu alimleta mkewe, wakaondoka wameshikana mikono, mwanamke akiwa anazungumza juu ya hali ya hewa. Mwenye nyumba aliwaleta wapangaji waliokuwa wakilalamikia paa. Walisimama kabatini mmoja mmoja, wakatoka wakibishana kuhusu mpira. Paa likaendelea kuvuja. Mama mkwe aliwapokea wageni, akawaonyesha pa kuvua viatu, akasema mkwe wake siku hizi ametulia, nyumba ina amani.

Mke akampigia simu mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Wanangu ni wawili na sauti zao nazijua. Umekosea namba, dada. Wala usione haya, hutokea."

Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Alikaa na simu mapajani, akajaribu kulia, na kilio nacho kikatoka laini, kiasi kwamba Injinia aliyekuwa chumba cha pili alidhani anaimba.

Kisha kaka akapiga simu, akasema mama hali chakula, anakataa kulishwa na mtu mpaka binti yake aje. Injinia alimwangalia mkewe. Ilikuwa muda sasa hajasumbuliwa, na mtu asiyesumbuliwa huwa mkarimu. "Nenda kamwone," alisema. "Ungekuwa hivi tangu mwanzo, si ungekuwa umeshakwenda?"

Akaenda. Kaka alimfungulia mlango, akamkumbatia, akamwongoza mpaka kitandani.

"Mama, dada amekuja."

"Shikamoo, mama," binti alisema.

Mama aligeuza uso upande wa mlango, akatega sikio, kama mtu anayemngoja wa pili aingie. "Marahaba, mgeni, karibu. Na yeye yuko wapi?"

"Ndiye huyu, mama."

"Usinifanye mtoto mchanga. Nilimzaa mimi. Nilimjua kwa kilio kabla hawajanionyesha uso wake."

Kaka alimvuta dada yake pembeni. "Sauti yako wameifanya nini?"

"Injinia ameisafisha."

"Ah," kaka alisema. Akajikuna kichwa, akaenda kuchemsha maji.

Binti alimwogesha mama yake, akambadilisha shuka, akamchana nywele chache zilizobaki. Mikono yake ilifanya kila kitu alichowahi kufanyiwa na mama huyo, lakini ngozi ya mama ilikuwa haina habari tena. Mara kadhaa alijaribu kusema. Yote aliyotaka kuyasema yalikuwa yamekaa mahali pamoja, palepale palipokatwa. Injinia alipiga simu mchana kuuliza anarudi lini, maana tangazo la dawa ya meno limeingia na mama mkwe ameshazima friji.

Alasiri akamtengenezea mama uji, akauleta mdomoni kwa kijiko. Mama akakataa, akakaza midomo, kisha akailegeza. Akala kijiko kimoja, akala cha pili. Kaka aliyesimama mlangoni alishusha pumzi.

"Wazazi wako walikulea," mama alisema. "Na mimi wangu nilimlea hivihivi. Sijui nilikosea wapi."

Binti akampangusa kidevu.

"Nilisema sili mpaka aje. Utoto tu, mtu mzima hovyo. Sasa nimechoka, nakula." Akameza. "Mwanangu," alisema, kama wazee wanavyomwita yeyote mwenye mkono mwema, "nina ombi. Kaka yake ana huruma, hataweza, kwa hiyo nakuomba wewe. Akija, usimfungulie mlango."

Kijiko kilikuwa kimejaa tayari. Binti alifungua mdomo, akatafuta neno linaloweza kupita.

"Sawa, mama," alisema, na mama akapanua kinywa apewe kingine.