Nimemwachilia

Isakwisa alikuwa na maneno mia mbili na arobaini ya Kigiriki, akayabeba kichwani kama mtu abebavyo mtungi uliojaa: shingo imenyooka, hatazami chini. Alijifundisha mwenyewe huko vilimani juu ya Mbalizi, kila akitoka kupalilia viazi, kwa kitabu alichoazimwa na Mchungaji Jailos. Na katika maneno yote hayo, alilolipenda zaidi lilikuwa kitenzi kimoja: afiemi.

Jumamosi mchana alimkuta dada yake Tupokigwe akimenya viazi. Kesho yake, baada ya ibada, mume wake Saulo angesimama mbele ya wazee wa kanisa. Saulo aliendesha lori kati ya Mbeya na Iringa, na kwa miaka miwili alikuwa na mwanamke mwingine kule Ilula. Mama yake Saulo alimsema mpaka akakubali kutubu. Tupokigwe angemjibu neno moja tu, na nyumba yao ingesimama tena. Yeye hakutaka zaidi ya hapo.

"Nitasema nimemsamehe, yaishe," alisema.

"Samehe!" Isakwisa akacheka. "Mtu akikukanyaga sokoni anasema samehe. Bwana alisema afiemi. Petro aliacha nyavu zake: afiemi. Homa ilimwacha mkwewe: afiemi. Kusamehe ni kufungua mkono, kitu kiende zake. Wewe sema, nimemwachilia."

"Kiswahili chako kirefu kama barabara ya Iringa, mdogo wangu."

"Rudia."

"Nimemwachilia."

"Tena."

Alirudia mpaka viazi vikaisha. Nyumbani walisema Kinyakyusa; Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ndizi. Lakini katika baraza la wazee palikuwa na Wasafwa wawili, na karani, Mzee Sedekia, alikuwa Mhehe wa Kilolo. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wote.

Jumapili Saulo alisimama akizungusha kofia mikononi, akasema maneno ya toba huku akitazama dirisha. Kisha akaitwa Tupokigwe. Akalitafuta lile neno refu la jana.

"Mimi," alisema, "nimemwacha."

Sedekia akainua kalamu. "Umesemaje, mama?"

Tupokigwe alidhani hakusikika. Akamtazama ndugu yake, akajikaza, akapaza sauti: "Nimemwacha! Kwa moyo wangu wote!"

"Makubwa!" mzee mmoja akasema. "Siku hizi mke ndiye anayemwacha mume?"

Saulo akaugeuza uso kutoka dirishani. Alikuwa kama dereva ambaye lori lake limetoka kwenye matope bila kusukumwa. "Wazee, mmesikia wenyewe," akasema. "Mimi nimekuja kutubu. Yeye ananiacha, tena mara mbili."

Isakwisa aliruka kutoka kwenye benchi. "Hapana! Alitaka kusema nimemwachilia. Kwa Kigiriki neno ni—"

"Mgiriki amefika," Sedekia akasema, na wazee wakacheka. "Kijana, daftari hili linaandikwa Kiswahili."

"Mchungaji!" Isakwisa akamgeukia kwa hasira. "Wewe unalijua neno. Waambie kuacha na kusamehe ni neno moja!"

Mchungaji Jailos hakucheka. Akafungua Agano lake la Kigiriki, akamsogezea. "Ni neno moja, kweli. Umefika Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba?"

"Bado."

"Soma mstari wa kumi na tatu."

Isakwisa akapeleka kidole polepole juu ya mstari. Mwanamke. Mume asiyeamini. Kisha kidole kikasimama. Alilitambua neno kabla hajalisoma, kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake ndani ya shamba la jirani.

"Paulo anamkataza mke kumwacha mume," mchungaji akasema taratibu. "Kwa neno lako hilohilo."

Isakwisa akalifunga Agano, akamrudishia.

Tupokigwe, alipoona nyuso zao, akaelewa. "Samehe!" akalia. "Nimemsamehe, wazee! Samehe!"

"Saulo," mchungaji akauliza, "umemsikia mkeo. Unampokea?"

"Ameniacha mbele ya mashahidi," Saulo akasema. "Mimi sina la kuongeza." Akavaa kofia mlemle kanisani, akatoka. Kabla jua halijachwa lori lake lilikuwa limeshika njia ya Ilula.

Sedekia akaandika, na yaliyoandikwa yakawa. Amwachaye mwenzake hakaribii meza ya Bwana. Na kwa desturi, ng'ombe wa mahari ya Saulo walikwisha kupokewa siku nyingi, kwa hiyo mtoto wao alikuwa wa ukoo wa baba.

Jumanne mama yake Saulo alipanda kilimani kumchukua Matilda, mtoto wa miaka minne. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndaga, pole mwanangu," alimwambia Tupokigwe. "Si mimi. Ukoo umeamua."

Tupokigwe alikunja magauni ya mtoto, na blanketi, na sufuria yake ndogo. Isakwisa alisimama mlangoni.

"Nitaandika barua," akasema. "Nitamwandikia Saulo, nitawaandikia wakubwa wa kanisa. Nitawaeleza."

"Utaandika neno gani?"

"Kwamba umemsamehe."

Tupokigwe akafunga kitambaa juu ya mzigo, akakaza fundo. "Hilo ndilo nililokuwa nalo, Isakwisa. Ukanikataza."

Hakusema kwa ukali. Isakwisa alitamani amtukane.

Bibi akambeba Matilda mgongoni, wakaanza kuteremka. Mtoto alifurahi mpaka kwenye migomba ya mwisho. Hapo akageuka, akaona kwamba mama yake hafuati.

"Mjomba!" akaita. "Mjomba, mwambie bibi anishushe!"

Isakwisa akafungua kinywa. Bibi akasimama, akasubiri kusikia, maana naye alikuwa anatafuta mtu wa kumzuia. Isakwisa akakifunga. Mzigo wa mtoto ulikuwa unamwelemea yule mama mzee; akaupokea, akauweka begani, akawasindikiza mpaka barabarani.