Jumapili ya Orodha

Kwa miaka minane Thenmozhi alikuwa mchumba wa msimu ujao. Ezhilarasan, mlinda wiketi wa klabu ya kriketi ya Kovai, ndiye aliyempa ahadi hiyo, na kila mwaka mashindano yakiisha aliisogeza mbele kidogo, kama mtu anayesogeza kiti ili apate kufagia.

Sababu ilikuwepo, tena ya maana. Mwenye klabu, Ayya Nachimuthu, alikuwa mzee aliyetajirika kwa kutengeneza pampu za maji, akanunua timu uzeeni ili apate cha kumliza na kumchekesha. Alikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mfanyakazi wa ofisini asiwe na uhusiano na mchezaji. Wakikamatwa, wote wawili nje. Thenmozhi alikuwa katibu wa klabu. Basi walipendana kwa simu, na kwenye safari za mechi walikula ukumbi mmoja meza mbalimbali, kila mtu akiangalia sahani yake. Siku atakayotundika glovu, Ezhil alisema, atakuja kwao na mama yake na sinia la maua na matunda, posa rasmi, mchana kweupe. Mama anajua kila kitu, alisema, anasubiri tu.

Jumapili hiyo asubuhi faili lililetwa ofisini na Sabareesan, mpwa wa Ayya, ambaye ndiye aliyeendesha mambo ya kila siku. Ndani kulikuwa na orodha ya wachezaji wa kuachwa, majina matano. La tano lilikuwa Ezhilarasan.

"Hii isomee Mjomba leo, apige saini, itumwe," Sabareesan alisema bila kukaa. "Ligi inafunga saa kumi na moja jioni. Orodha isipofika, mikataba yote inaendelea mwaka mwingine, na hiyo hasara sitaki kuisikia."

"Ezhil naye?"

"Dada, yule akichuchumaa kulinda wiketi, kunyanyuka mpaka aombewe. Kuna kijana mzuri tunamleta nafasi yake."

Kijana mzuri. Thenmozhi alikuwa ameziona karatasi za huyo kijana. Kampuni iliyomwakilisha ilikuwa Chennai, na anwani yake aliijua vizuri kwa sababu mwaka juzi alikuwa ameipelekea maboksi arobaini ya peremende za harusi. Ilikuwa nyumba ya wakwe zake Sabareesan. Mpwa alikuwa anamuuzia mjomba mchezaji wa kampuni yake yeye mpwa, jina tu ndilo la mkwe. Na usingeweza kusema. Meneja wa mwisho aliyemgusa Sabareesan mbele ya Ayya alifungasha virago wiki ileile, maana huyo ni mtoto wa dada yake marehemu, na kwa Ayya marehemu huyo hakuwahi kuzaa mtu mbaya.

Lakini jambo lililomkalisha Thenmozhi kitini halikuwa hilo. Aliliona jina, akafurahi. Aliona haya, akajikemea, na bado alifurahi. Ezhil akiachwa, si mchezaji tena wa Ayya, na kanuni imekufa yenyewe. Kwa mara ya kwanza ubaya wa Sabareesan ulikuwa umekuja na faida kwake, na alichotakiwa kufanya ni kazi yake tu: asome, mzee apige saini, atume.

Simu ililia kabla hajamaliza kufikiri hivyo.

"Thenu, nasikia nimo."

"Umo."

"Yule mbwa koko! Miaka kumi na moja nimewadakia mipira mpaka vidole vimepinda, leo naondolewa kwa karatasi?"

"Ezhil, magoti yako yanalia. Nayasikia mpaka kwenye simu."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Msimu mmoja tu. Nitoke mwenyewe, watu wamesimama, wananipigia makofi. Nisitoke kama mwizi wa kuku. Wewe ndiye unayemsomea mzee. Na leo ni Jumapili."

Hakuhitaji kumalizia. Jumapili Rahu, sayari ya mkosi, anaingia saa kumi na nusu na hatoki mpaka saa kumi na mbili. Katika saa hiyo mbaya Ayya hakuweka kalamu kwenye karatasi wala mguu kwenye gari. Aliwahi kumwacha waziri amesimama getini, anatoa jasho na maua yake mkononi, mpaka Rahu apite.

"Unataka nimcheleweshe."

"Nataka unisaidie, mpenzi."

"Na sisi je?"

"Sisi si tupo? Sisi tunakwenda wapi?"

Thenmozhi alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Zamani mashangazi wa mtaani kwao walimuuliza kila sikukuu ataolewa lini. Siku hizi hawaulizi tena, wanamwongezea chakula tu, na hilo lilimuuma kuliko maswali. Alikaa na faili mapajani mpaka adhuhuri, amechoka kwa uchovu usiotokana na kazi. Angeweza kumwacha Ezhil aanguke na kumpata akiwa ameanguka. Alimwona akilini, nyumbani kwao, amekaa barazani, anamlaumu kimya kimya kwa miaka thelathini. Hapana. Ikiwa lazima mmoja wao atoke ili kanuni iwaachie, basi atatoka yeye. Alichukua karatasi, akaandika mistari minne, akaitia kwenye mkoba.

Nyumbani kwake, Ayya aliamka usingizi wa mchana saa kumi kasorobo, akanywa kahawa yake, akaita faili. Macho yake yalikuwa yameshaharibika, kila kitu alisomewa. Sabareesan alikuwa kando yake, anatikisa mguu.

"Wa kwanza, Ayya, ni Murugavel," Thenmozhi alianza. "Mrusha mipira ya kuzunguka. Unamkumbuka baba yake?"

Sabareesan aligeuka ghafla. "Baba yake wa nini?"

"Baba yake alikuwa kwenye tanuri letu la chuma!" Ayya alisema, uso ukamchangamka. "Mtu mmoja mfupi, ana nguvu kama winchi. Siku moja mnyororo umekatika..."

Mnyororo ulichukua dakika kumi na mbili. Thenmozhi alisoma takwimu zote za Murugavel, hata za miaka aliyokuwa benchi. Kwa wa pili aliuliza kama kahawa ilikuwa na sukari ya kutosha, ikaletwa nyingine. Wa tatu alikuwa ametoka kuoa, ikabidi Ayya aelezwe ameoa kwa nani.

"Mjomba, saini tu," Sabareesan alisema. "Dada anatusomea gazeti zima."

"Tulia. Hawa si pampu, hawa ni watu. Nikimfukuza mtu nataka nijue namfukuza nani."

Wa nne aliisha saa kumi na dakika ishirini na sita. Ayya alikuwa ameshafungua kalamu.

"Wa tano ni Ezhilarasan," Thenmozhi alisema.

Kalamu ya mzee ilisimama hewani. Nje bomba la bustani lilikuwa linamwaga maji, na kila mtu alilisikia.

"Naye? Wewe unasemaje, binti?"

Hakuwa ametegemea swali. Angeweza kusema neno moja na lile jina likapita, na wiki ijayo angekuwa mchumba wa mtu.

"Magoti yamechoka, Ayya," alisema polepole. "Kazi bado anaitaka. Anaitaka kuliko kitu chochote."

Alijisikia akilisema hilo, na hakulipenda. Ayya alikaa akilifikiria, kidole kimekanyaga karatasi, kisha akainua uso kuelekea saa ya ukutani asiyoiona. "Saa ngapi?"

"Kumi na nusu kamili."

Kalamu ikafungwa.

"Mjomba!" Sabareesan alisimama. "Dakika moja tu! Kwa ajili ya ushirikina tunabaki na vilema watano?"

"Mama yako alipanda gari saa hii," Ayya alisema. "Usinifundishe."

Sabareesan alimtazama Thenmozhi, naye akamtazama vilevile, na wote wawili wakajua. Mpwa alitoka bila kuaga, akasikika uani akimgombeza dereva.

Thenmozhi alitoa ile barua kwenye mkoba na kuiweka mezani. "Naacha kazi, Ayya."

"Saa hii? Ngoja Rahu atoke. Usianze jambo saa hii, binti."

"Saini ni yangu, si yako. Haitakudhuru."

Mzee aliipapasa karatasi bila kuisoma. "Ni kwa ajili ya huyo wa tano." Thenmozhi alifunga mkoba. "Nimeharibika macho, masikio yapo. Wanne umewasoma kwa sauti moja. Ungeniambia, miaka yote hii."

"Kanuni ni yako, Ayya."

"Ndiyo," alisema, na akaonekana mzee kuliko alipoamka. "Ni yangu."

Barazani, Thenmozhi aliketi ngazini karibu na viatu vyake, akapiga simu kabla hajavivaa.

"Umebaki," alisema. "Orodha haikusainiwa."

Ezhil alipiga yowe, akamwita majina yote matamu aliyowahi kumwita, na moja jipya. Alimwacha amalize.

"Nimeacha kazi, Ezhil. Mimi si mfanyakazi wa klabu tena, kanuni haituhusu. Utacheza, na bado tutaoana. Njoo Alhamisi na mama."

Alisikia feni ya chumbani kwake Ezhil, ile yenye bawa bovu.

"Thenu," alisema. "Mama bado sijamwambia."

"Hujamwambia nini?"

"Unajua alivyo. Angeuliza kabila, nyota, kila kitu... Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Miaka minane?"

"Sikutaka kumsumbua bure, na kanuni ilikuwepo."

"Jina langu analijua?"

Ezhil alianza kusema haraka haraka, kuhusu kambi ya mazoezi, kuhusu presha ya mama yake. Thenmozhi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa mazoea. Hasira aliitafuta, hakuipata. Alichopata ni hamu ya kwenda kulala, siku tatu, mlango umefungwa.

"Basi cheza salama, kaka," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo, hata mbele ya watu, hata siku walipokuwa wanajificha. Ezhil alisema, "Thenu, usiniite hivyo. Thenu," lakini yeye alikuwa ameshaiweka simu kwenye ngazi na alikuwa anafunga kanda za viatu.