Kahawa Kabla ya Kupimwa

Sikuwa na presha hata siku moja. Nilikuwa na wivu.

Mume wangu Abubakr alikuwa na leseni ya urubani tangu ujanani. Si ya kazi. Alirusha kwa raha yake tu, ndege ndogo ya injini moja aliyoshirikiana na rafikiye, kila Ijumaa baada ya sala, kutoka Malindi mpaka Kiwayu na kurudi. Akija nyumbani alikuwa na uso, sijui niuelezeje, uso ambao mimi niliyempikia na kumzalia sikuwahi kumtia. Watu walidhani nachelea asianguke. Wapi! Nilichoogopa ni ule uso.

Basi Ijumaa moja nikaanguka mimi, ukumbini, akiwa ameshika funguo. Nilijikaza kama mwenye kuzaa, na daktari akaikuta presha iko juu, akasema nipimwe kila siku. Abubakr akanunua mashine. Kila asubuhi baada ya alfajiri alinifunga mkono, na kila asubuhi nilikuwa nimeshakunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu jikoni, kisha nikabana mapaja na pumzi. Mia na sitini kwa mia. Ramadhani nilimalizia daku kwa kahawa. Dawa nilizimwaga chooni. Akaacha kuruka asije akanipandisha presha, akauza sehemu yake ya ndege, na kwa miaka kumi na miwili majirani wakaniambia nina bahati ya mume.

Aliyeniumbua ni binti yangu wa kuzaa. Aaliya amesomea uuguzi, na Ramadhani iliyopita alikuja likizo akataka kunipima yeye, alasiri, nikiwa na saumu na koo kavu. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Kesho yake vilevile. Siku nne mfululizo.

"Mama, kwani presha yako imekwenda wapi?" akauliza, na babake yu papo hapo anapanga tende sahanini.

"Kumbe ni ile kahawa," Abubakr akasema, akaendelea kupanga tende.

Siku ya Idi, watu wakitakana radhi, nikamshika mkono. "Baba Aaliya, niwie radhi."

"Nitakujibu," akasema.

Hakujibu. Mke akifa bila radhi ya mumewe anakwenda na nini mbele ya Mungu? Nilikonda. Yeye akarudi kusomea urubani, maana leseni ya zamani ilikwisha muda, na miaka yake sitini na mitatu. Kila baada ya siku mbili alikwenda Kilifi kwa mwalimu wake, Kapteni Mumbua, mwanamke wa rika la binti yetu. Siku moja nilifuatana naye, nikaketi kando ya kiwanja. Akatua vibaya, ndege ikadundadunda mara tatu ndipo ikatulia. Aliposhuka akageukia bawa ili asionekane analia. Nilifurahi. Nidanganye? Nilimwomba Mungu mume wangu ashindwe, arudi nyumbani, anisamehe kwa kukosa pengine pa kwenda.

"Tena, Mzee," Mumbua akamwambia. Akapanda tena.

Akafaulu. Daktari wa marubani alimpa cheti, lakini akamwonya kwamba macho yanakufa polepole na hayana dawa. Mwaka mmoja, na cheti kingine hatapata. Miaka kumi na miwili nimeila mimi. Wake umebaki mmoja.

Jumamosi iliyofuata akaja chumbani, mkunjufu. "Vaa, Mama Aaliya. Nataka abiria wangu wa kwanza awe wewe."

Nikajua nimesamehewa. Nikajifukiza udi, nikavaa buibui jipya.

Tukaruka kutoka Malindi kwa ndege aliyoikodi. Mtaa wa Muyeye ukawa mabati matupu, kisha Mto Sabaki ukimwaga udongo wake mwekundu baharini, kisha Mambrui, kisha Ngomeni na mabwawa ya chumvi yaliyong'aa. Nina miaka hamsini na minane na sikujua kuwa tunaishi mahali pazuri namna ile. Machozi yalinitoka. Nikamgeukia, naye alikuwa na ule uso, karibu kabisa nami. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Nikasema kwenye hedfoni, "Baba Aaliya, ndiyo umeniwia radhi?"

"La," akasema. Alikuwa angali anatabasamu, akitazama mbele. "Nimekuleta ukione ulichoninyima. Sasa umekiona. Sikusamehe, wala sitakusamehe."

Kisha akageuza ndege kurudi Malindi, akaomba ruhusa ya kutua, kwa adabu, kwa sauti ileile.

Tukatua taratibu hata sikujua magurudumu yaligusa lini. Alinishika mkono kunishusha kwa sababu watu walikuwa wakitazama, akanionyesha mlango wa kutokea. Akarudi kupanda. Akaruka peke yake kuelekea kaskazini, nami nikasimama kwenye uzio na buibui langu jipya mpaka mlio wa injini ukapotea.