Mapipa ya Wageni

Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Nesi Lovelyn aliuona, akaufunika kwa kitambaa, akatoka nje na simu kabla Jesina, aliyekuwa akijifungua, hajamsoma usoni.

Ufukweni boti ya zahanati ilielea, nyeupe pe, mashine mpya, bendera ya wafadhili ubavuni. Tangi kavu. Hospitali ya mkoa iko ng'ambo ya rasi.

"Bosi Ofea, nina mzazi hapa. Mtoto amelala kingamo. Nipe mafuta, mtu atanifia!"

"Dada, si wafadhili wamewapa?" Ofea, mkuu wa afya mkoani, alikuwa akitafuna popoo, kokwa ya tambuu.

"Walitupa boti. Mafuta walisema ni ya serikali."

"Fungu la mafuta lilikuwepo. Wizara ilipoona afya imepata wafadhili, ikalihamishia kwa wabunge, kwenye miradi yao ya majimboni. Na mapipa yenu tuliyaona wenyewe, yamejaa. Picha ninazo."

Yale mapipa! Kwao mgeni haonyeshwi nyumba tupu. Ni aibu ya ukoo mzima. Siku ya kupokea boti zahanati haikuwa hata na dawa ya homa, basi wakaazima: mafuta ya kanisa, magodoro ya shule, dawa za kijiji jirani. Lovelyn mwenyewe ndiye aliyeyapanga mapipa mlangoni. Wageni walipiga makofi, wakala nguruwe, wakaondoka, na jioni kila kitu kikarudi kwa mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Amepona nani?

"Tuliazima kanisani, bosi. Na hayo nayo yaliisha tangu Pasaka."

Ofea akacheka. "Hilo usilirudie mbele ya mtu. Ijumaa wanakuja wengine, wa mradi wa maji. Nimeshampigia Mzee Manasse wa kanisa, mapipa yapangwe kama siku ile. Unataka tuonekane ombaomba?"

"Na huyu mama?"

"Pigeni kasia." Akakata simu.

Mitumbwi yao ilikuwa myembamba mno kumlaza mgonjwa, na bahari ilikuwa imechafuka. Wakamlaza Jesina ndani ya boti. Mumewe, Tome, na kaka zake wakainua mashine isiburute majini, wakashika makasia. Boti ile haikutengenezwa kwa kasia. Walivuta, upepo ukawarudisha, wakavuta tena. Tome alikuwa akilia waziwazi huku anavuta.

Jesina akamng'ang'ania Lovelyn mkono. "Tumefika wapi, dada?"

Lovelyn akageuka. Zahanati ilikuwa pale pale, hata mlango aliuona. Mzee Manasse alikuwa akiviringisha mapipa matupu kuelekea barazani, wanawake wakimfuata na ndoo.

"Jazeni maji ya bahari!" sauti yake ilikuja na upepo. "Mgeni akigonga, yasilie matupu!"

"Tunakaribia, mdogo wangu," Lovelyn alisema.

Mkono wa Jesina ulikuwa umeanza kulegea.